Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Hola na Somo la Kusoma

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Methali hii imekaririwa mno madarasani hata imepoteza makali yake. Mwanafunzi wa kidato cha pili ataieleza bila kusita: kila mtu hupendelea upande wake. Lakini mpe mwanafunzi huyo huyo ukurasa wa gazeti, sura ya kitabu cha historia na sura ya riwaya, kisha umwulize ngozi imevutwa wapi na ni mkono wa nani uliovuta. Aghalabu atakujibu kwamba gazeti ni habari, historia ni ukweli, na riwaya ni uongo mtamu wa kujiburudishia. Mgawanyo huo unastarehesha, tena unarahisisha mitihani. Tatizo lake ni kwamba si wa kweli, na hapa kwetu Kenya kuuamini kumewahi kutugharimu.

Ningependa tuuchunguze kwa kisa kimoja tu, kisa ambacho kila mwalimu wa historia anakijua kwa jina hata kama hupita juu yake kwa dakika tano. Ni kisa cha Hola.

Mnamo Machi 3, 1959, katika kambi ya Hola kando ya Mto Tana, mahabusu 85 walitolewa kwenda kuchimba mifereji ya mradi wa kunyunyizia mashamba maji. Hawa walikuwa miongoni mwa watu ambao serikali ya kikoloni iliwaita wakaidi: waliokataa kukiri kwamba wamekula kiapo cha Mau Mau na waliokataa kufanya kazi za kambini kama wahalifu, kwa vile wao hawakujihesabu kuwa wahalifu. Mpango wa kuwalazimisha kufanya kazi ulikuwa umeandaliwa na maafisa wa magereza na kupata idhini ya wakubwa wao. Walipokataa, askari waliwapiga kwa marungu. Watu 11 waliuawa, na wengine wengi wakajeruhiwa vibaya.

Siku iliyofuata serikali ilitoa taarifa kwa magazeti. Kwa ufupi ilieleza kwamba kikundi cha mahabusu kilikuwa kazini kikichimba mifereji, na kwamba vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka kwenye gari la maji lililotumiwa na kikundi kizima pamoja na askari wake.

Naomba msomaji aisome tena taarifa hiyo polepole, kama mwalimu asomavyo insha ya mwanafunzi anayemshuku kwamba amenakili. Yamkini kila neno lake, likichukuliwa peke yake, lingeweza kutetewa mbele ya hakimu. Mifereji ilikuwapo. Gari la maji lilikuwapo. Vifo vilitokea, na vilitokea baada. Hapana sentensi hata moja inayosema kwamba maji yaliwaua. Hata hivyo, hakuna msomaji wa kawaida angeisoma taarifa hiyo mezani pake asubuhi asidhani kwamba maji yale yalikuwa na sumu au maradhi. Kazi yote ya udanganyifu imefanywa na maneno mawili madogo, "baada ya", ambayo katika lugha yetu huweza kuonyesha mfuatano wa wakati tu, au yakanong'ona kwamba la kwanza ndilo lililoleta la pili. Uchunguzi wa hakimu uliofuata ulibaini kwamba watu hao walikufa kutokana na vipigo. Marungu, ambayo ndiyo yaliyokuwa kiini cha habari, hayakutajwa kabisa katika taarifa ile ya kwanza.

Hapa ndipo ninapodai kwamba somo la sarufi na somo la historia si majirani tu, bali ni watu wa nyumba moja. Tumewafundisha watoto wetu kauli za vitenzi kana kwamba ni mapambo ya kupangwa kwenye jedwali: kutenda, kutendwa, kutendea, kutendeka. Wanajaza nafasi zilizoachwa wazi, wanapata alama, wanasahau. Laiti tungewaonyesha kwamba kauli hizi zina siasa yake! Mtu akisema "askari walimwaga damu", mtendaji yuko wazi kama jua la adhuhuri. Akisema "damu ilimwagwa na askari", mtendaji amesogezwa mwisho wa sentensi, lakini bado tunamwona. Akisema "damu ilimwagwa", mtendaji amefichwa nyuma ya mlango, na msikilizaji anayo haki ya kuuliza ni nani. Lakini akisema "damu ilimwagika", mlango wenyewe umeondolewa. Damu imejimwagikia, kama uji uliochemka ukafurika chunguni. Ndiyo sauti ya mtoto aliyesimama jikoni juu ya vigae akimwambia mama yake kwamba kikombe kimevunjika. Mama wa Kiswahili hahitaji shahada ya isimu, hujibu papo hapo, "Kimevunjika, au umekivunja?"

Swali hilo la mama ndilo ningetamani liulizwe kila tunapofungua gazeti.

Kiswahili kimejaliwa utajiri wa pekee katika habari za kifo. Mtu hufa, hufariki, huaga dunia, hupoteza maisha, huangamia, huuawa. Mwandishi wa habari anapochagua moja kati ya hayo, ameshatoa hukumu kabla ya hakimu kuketi. "Watatu wafariki katika makabiliano na polisi" na "Polisi waua watatu" ni vichwa viwili vinavyoweza kuwekwa juu ya habari ile ile. Cha kwanza kina adabu zaidi masikioni, na labda ndiyo sababu kinapendwa. Neno "makabiliano" nalo halina hatia mpaka ujiulize kama waliofariki walikuwa na cha kukabiliana nacho. Simaanishi kwamba kichwa cha pili daima ndicho sahihi. Huenda kweli risasi zilitoka pande zote mbili. Maana yangu ni kwamba anayechagua kati ya vichwa hivyo anapaswa kuwa na sababu, na anayesoma anapaswa kuitafuta. Katika miaka ya 1991 na 1992, watu walipokuwa wakifukuzwa mashambani mwao katika Bonde la Ufa, jina lililoenea magazetini lilikuwa "mapigano ya kikabila". Jina hilo lilimfanya msomaji aone makabila mawili yaliyoamka asubuhi yakiwa na hasira. Mnamo Septemba 1992 kamati ya Bunge iliyoongozwa na Bw. Kennedy Kiliku iliripoti kwamba kulikuwa na watu wakubwa waliohusika katika kuchochea vurugu hizo. Jina, hata hivyo, lilikuwa limekwisha kukaa, na mpaka leo watu wengi hulitumia bila kujua kwamba limebeba utetezi wa mtu fulani.

Haya ni ya magazeti, na ni rahisi kuyalaumu magazeti kwa kuwa huandikwa kwa haraka. Je, mwanahistoria, ambaye ana muda wa kutosha na maktaba nzima mbele yake?

Mwaka 1960 serikali ya kikoloni ilichapisha ripoti ya F. D. Corfield kuhusu chanzo na ukuaji wa Mau Mau. Ilikuwa na sura ya kitaalamu, yenye tarehe na majina tele, na mwanafunzi asiye na tahadhari angeiita chanzo kikuu cha historia. Ila mwandishi wake alitegemea mno majalada ya serikali, yaani aliwauliza walioshtumiwa kutawala vibaya jinsi walivyotawala. Katika ripoti hiyo malalamiko ya ardhi hayana uzito wa sababu, na vita vinaonekana kama maradhi ya akili ya watu walioshindwa kuumudu ustaarabu. Tarehe zote zinaweza kuwa sahihi huku maana yote ikiwa imepinda. Hilo ni jambo ambalo mtihani wa kuchagua jibu A, B, C au D hauwezi kulipima.

Lakini tusikimbilie kushangilia. Ngoma tuliyoamba sisi wenyewe baada ya Uhuru nayo imevutwa. Chukua mfano wa Lari. Usiku wa Machi 26, 1953, wapiganaji wa Mau Mau walizivamia nyumba za Luka wa Kahangara, aliyewahi kuwa chifu, pamoja na za jamaa za Homugadi huko Lari. Nyumba zilichomwa watu wakiwamo ndani. Hesabu ya serikali ilikuwa wafu 74, wengi wao wanawake na watoto. Picha zao zilisambazwa duniani, na kwa wasomaji wengi wa Ulaya zikawa ndiyo maana nzima ya neno Mau Mau. Jambo ambalo picha hizo hazikuonyesha ni kwamba mara tu baada ya shambulio hilo, Homugadi na askari waliwageukia watu waliowashuku wakawaua kwa kulipiza kisasi, na kwamba idadi ya waliouawa katika awamu hiyo ya pili huenda iliizidi mno ile ya kwanza, kama alivyoonyesha mwanahistoria David Anderson katika kitabu chake cha 2005. Wala picha hazikueleza kwamba Luka alikuwa mmoja wa waliokubali kuhamishwa kutoka Tigoni kwenda Lari ili kuwapisha walowezi, wakati wenzake walikataa, na kwamba uhasama ule ulikuwa na mizizi ya ardhi.

Basi mkoloni alikiandika kisa cha kwanza akakifuta cha pili. Na sisi je? Vitabu vyetu vingi vya shule, kwa kuogopa kuwachafua mashujaa, hupita Lari kwa aya moja au huiruka kabisa. Mtoto aliyeungua ndani ya nyumba ya babake usiku ule hana nafasi katika historia ya kishujaa, kama vile mkulima aliyepigwa risasi kesho yake hakuwa na nafasi katika historia ya kikoloni. Hata neno letu "mauaji" linasaidia kuficha mambo, kwa kuwa halitofautishi umoja na wingi: tukisema "mauaji ya Lari", nani atajua kama ni tukio moja au mawili?

Ukimya huu haukutokea kwa bahati mbaya. Mzee Jomo Kenyatta mwenyewe, mwaka 1962, aliifananisha Mau Mau na ugonjwa uliokwisha tokomezwa ambao haukupaswa kukumbukwa tena. Taifa changa lilikuwa na waliokwenda msituni na waliobeba bunduki za Homugadi, na wote walitakiwa kukaa bunge moja na kanisa moja. Mtu anaweza kuielewa hekima hiyo bila kuikubali. Marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau haikuondolewa mpaka 2003, miaka 40 baada ya Uhuru. Katika muda wote huo mwalimu aliyesimama darasani akiwaita watu hao mashujaa alikuwa, kisheria, akiwasifu wanachama wa kundi haramu.

Sasa tuje kwenye fasihi, ambayo inadharauliwa kuwa uongo. Marehemu Ngugi wa Thiong'o alichapisha A Grain of Wheat mwaka 1967. Ndani yake mna kambi iitwayo Rira, na katika kambi hiyo mahabusu 11 wanapigwa hadi kufa. Hakuna Rira katika ramani ya Kenya, lakini msomaji wa miaka hiyo hakuhitaji ramani. Idadi ile ilimtosha. Kwa hiyo riwaya, iliyoruhusiwa kubuni kila kitu, ilisema wazi walivyokufa watu 11, ilhali taarifa rasmi, iliyowajibika kutobuni chochote, ilitaja maji.

Riwaya hiyo ina funzo jingine kwa kila anayejifunza kufasiri maana. Mhusika wake Mugo ni mtu mkimya aliyenusurika kambini. Wanakijiji wanautazama ukimya wake na kuusoma kama unyenyekevu wa shujaa, na kila anapokataa kusema, heshima yake inapanda. Kumbe ndiye aliyemsaliti Kihika, mpiganaji wanayemlilia. Ushahidi wote walikuwa nao mbele yao. Walichokosa ni utayari wa kuusoma kinyume cha walivyotamani. Sijui kitabu cha historia kinacholionyesha kosa hili la usomaji kwa uwazi zaidi.

Lakini mwandishi wa riwaya naye ni mwamba ngoma, na Ngugi hakuwahi kulificha hilo. Linganisha toleo la kwanza na toleo alilolisahihisha katika miaka ya 1980. Katika la kwanza, mpiganaji mmoja anambaka mwanamke wa Kizungu. Katika lililosahihishwa, tendo hilo halimo. Pia chama kinachotajwa katika toleo la kwanza kimegeuzwa kuwa harakati. Je, mwandishi alikuwa akikaribia ukweli zaidi kwa kuondoa taswira iliyofanana na propaganda za walowezi, au alikuwa akiufinika ukweli mchungu kwamba katika vita hata mwenye haki hutenda uovu? Mimi naelekea kwenye jibu la pili, ijapokuwa nawafahamu walimu ninaowaheshimu wanaoshikilia la kwanza kwa hoja nzito. Ukitaka mjadala wa kusisimua darasani, waletee wanafunzi kurasa hizo mbili sambamba, kisha unyamaze.

Na upande wa pili? Mmarekani Robert Ruark aliandika Something of Value mwaka 1955, riwaya iliyouzwa sana ng'ambo na kutengenezewa filamu mwaka 1957. Humo damu ya Mzungu ina uzito ambao damu ya Mwafrika haina. Ukijua kwamba katika vita hivyo raia Wazungu waliouawa walikuwa 32, na kwamba Waafrika walionyongwa kwa hukumu za mahakama peke yao walifika 1,090, utaona mara moja jinsi mizani ya kurasa ilivyo tofauti na mizani ya makaburi. Kuhesabu kurasa ni zana duni, lakini ni zana anayoweza kuitumia hata mwanafunzi wa shule ya msingi: nani amepewa jina, nani ameitwa "kundi", nani amepewa mama anayemlilia.

Kuna hatari ninayoiona kwa wanafunzi wangu werevu zaidi. Wakishafunuliwa macho kuhusu upendeleo, huruka hadi ukingo wa pili wa mto na kutangaza kwamba kila mwandishi ni mwongo, kwamba hakuna ukweli, na kwamba kila mtu ana ukweli wake. Huo ni uvivu uliovaa joho la usomi. Upendeleo na uongo si kitu kimoja. Mnamo Julai 1959, suala la Hola lilipojadiliwa katika Bunge la Uingereza, moja ya hotuba kali kabisa dhidi ya serikali ilitolewa na Enoch Powell, mbunge wa chama tawala chenyewe. Hoja yake ilikuwa kwamba haiwezekani kuwa na kipimo kimoja cha haki nyumbani na kingine Afrika. Bwana huyu ndiye yule ambaye mwaka 1968 alikuja kusikika ulimwenguni kote kwa hotuba ya kuwapinga wahamiaji weusi na Waasia nchini mwake. Anayepima maneno kwa kumtazama msemaji tu angemfukuza shahidi huyu mlangoni. Nao waliofia Hola hawakufa kwa mujibu wa mtazamo fulani. Miili ilichunguzwa, na alama za vipigo hazikuwa tafsiri ya mtu.

Isitoshe, ushahidi una tabia ya kurudi. Mwaka 2009 wazee kadhaa wa Kenya walifungua kesi jijini London kuishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso ya kambini. Mmoja wao alikuwa manusura wa Hola aliyezimia kwa vipigo akalazwa pamoja na maiti. Mwaka 2011 ilifichuka kwamba majalada mengi yaliyoondolewa Kenya wakati wa Uhuru yalikuwa yamehifadhiwa kisirisiri katika jengo la serikali huko Hanslope Park. Historia iliyokuwa imeandikwa kwa miaka 50 bila majalada hayo ililazimika kupekuliwa upya. Anayefikiri kwamba upendeleo umo katika kalamu peke yake na ausahihishe mtazamo wake: upendeleo mkubwa zaidi hufanywa na mwenye ufunguo wa kabati.

Juni 6, 2013, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alitangaza bungeni malipo ya pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Magazeti kadhaa hapa kwetu yaliripoti kwamba Uingereza imeomba msamaha. Haikuomba. Alisema kwamba serikali yake inasikitika kuwa dhuluma hizo zilitokea, na papo hapo akakana wajibu wa kisheria. Kusikitika ni hali ya moyo wa msemaji. Hata mpita njia husikitika aonapo ajali. Kuomba radhi ni tendo linaloanza kwa kukiri kwamba "nilitenda". Nacho kitenzi "zilitokea" tumekwisha kukutana nacho mwaka 1959, kando ya gari la maji. Mfalme Charles alipokuja Nairobi mwaka 2023 alitumia maneno mazito zaidi ya huzuni na kusema kwamba ukatili ule hauna utetezi, lakini ombi la radhi halikutoka.

Sehemu ya makubaliano yale ya 2013 ilikuwa mnara wa ukumbusho wa waathiriwa wa mateso ya enzi ya ukoloni, uliozinduliwa mwaka 2015 katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi kwa gharama ya serikali ya Uingereza. Walimu wa Nairobi wanaweza kuwapeleka wanafunzi wao kuusoma, maana mnara nao ni matini. Wawaulize ni nani aliyelipa, ni lugha zipi zilizotumika kwenye maandishi yake, na kwa nini tarehe hizo na si nyingine. Kisha wawaache wazitazame sanamu zenyewe. Mwanamke anampa mpiganaji chakula. Ni picha nzuri, na wanawake waliolisha msitu walistahili heshima hiyo zamani. Wamo wawili tu: anayelisha na anayelishwa. Mnara ni wa waliopigwa, na aliyepiga hayumo.